Radhi kwa Mtani

Watu wa Magindu wakikuambia kwamba Mwalimu Mwanaamina ana mdomo, usidhani wanamsengenya. Wanamsifu. Alizaliwa Kisarawe, kwa Wazaramo, watu ambao mtoto wao hujua kutania kabla hajajua kuhesabu, na alipopangiwa kazi Magindu miaka kumi na sita iliyopita, mdomo huo ulimfaa kuliko godoro na jiko alivyokuja navyo.

Alifundisha darasa la kwanza, na darasa lenyewe si mchezo. Magindu wapo Wakwere wenyeji na mashamba yao, wapo Wamasai, wapo Wasukuma walioshuka na ng'ombe kutoka Shinyanga huko wakifuata majani. Januari ikifika, mwalimu anaweza kupokea watoto sabini, na kumi na watano kati yao hawana Kiswahili hata cha kuombea maji. Walimu wengi huwapanga watoto hao nyuma, wakae kimya mpaka lugha iwaingie yenyewe. Wengine huwacharaza, eti wakipata maumivu watasema. Mwanaamina aliwaketisha mbele. Kila mmoja alimweka pembeni ya mtoto anayejua lugha zote mbili, na ukutani akabandika vipande vya maboksi vyenye maneno matatu matatu, la Kiswahili, la Kisukuma na la Kimasai: maji, minzi, enkare. Mwenyewe alijifunza Kisukuma cha kubahatisha, watoto wakawa wanamcheka matamshi. Mtoto aliyekwisha kumcheka mwalimu wake hawezi tena kumwogopa.

Lakini kazi kubwa hakuifanyia ukutani. Aliifanyia mlangoni. Mzazi mfugaji akifika shuleni hufika amejikunyata. Amezoea kuambiwa ng'ombe wake wamekula mahindi ya watu, amezoea kuulizwa ametoka wapi na atarudi lini. Mwanaamina akimwona Msukuma tu, anamlaki kwa matusi. Matusi ya utani, maana Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara iliyoshuka pwani, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, na wewe una ruhusa ya kumrudishia, na atakayekasirika ndiye mjinga. Mgeni akishatukanwa hivyo, anajua amefika kwa watu wake. Mabega yanashuka, mdomo unafunguka, na mtoto aliyejificha nyuma ya baba anaona kwamba baba hamwogopi mwalimu.

Shule nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyeijua kazi hii kwa undani zaidi ya Mwanaamina mwenyewe, naye ni Yasinta, mwalimu wa darasa la pili. Kwao ni Mbwawa, jirani na Kibaha mjini, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Waliripoti kazini wiki moja, wakapangiwa nyumba mbili za walimu zilizopakana, wakalea watoto pamoja. Yasinta alimwita mwenzake Mama Zawadi, naye akaitwa Mama Agape, na chumvi ya nyumba moja ilikuwa ya nyumba zote mbili.

Mama yake Mwanaamina alipofariki, Yasinta alifuatana naye hadi Kisarawe, akajifunga khanga, akakaa matanga siku zote tatu akimenya vitunguu na wanawake wa pale. Siku ya pili akatokea Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma kutoka Magindu, ambaye watoto wake wawili wakubwa walikuwa wamepita mikononi mwa Mwanaamina. Hakutoa pole. Aliketi mlangoni pa jiko, akapokonya mwiko, akatangaza kwamba hakipikwi kitu mpaka apewe jogoo, kwa sababu huyu bibi wa Kizaramo amekufa makusudi ili amkimbie. Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka.

Yasinta alishtuka. "Mama Zawadi, huyu mtu ana akili timamu kweli?"

"Huyo ni mtani," Mwanaamina alimwambia. "Kazi yake ndiyo hiyo, kutufuta machozi. Asingekuja ndiyo ningesikitika."

Yasinta aliitikia kwa kichwa, na baadaye alimpelekea Nkwabi sahani ya wali kwa mkono wake, naye akatukanwa kidogo, akacheka. Kwa hiyo alijua. Hili lishike, msomaji, maana mbele tutaambiwa hakujua.

Mwaka juzi akaja Magindu mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu cha huko Kibaha mjini, kijana mpole anayeitwa Adrian. Chuo kilikuwa na mradi wa kuwaandaa walimu kwa ajili ya madarasa ya lugha nyingi, ili mtoto asinyimwe haki yake kwa sababu ya lugha ya mama yake. Aliketi nyuma ya darasa la Mwanaamina siku tatu, akiandika. Siku ya tatu akafunga daftari.

"Mwalimu," alisema, "haya mambo mimi nimeyasoma miaka mitano vitabuni. Wewe unayafanya kwa maboksi."

Akamwambia kwamba mradi unatafuta mwezeshaji mmoja kutoka wilayani, atakayekuwa anakwenda chuoni kila likizo kuwafundisha wanachuo na walimu wenzake, na kwamba jina analolifikiria ni la kwake.

Mwanaamina alikitaka cheo hicho mpaka akaona haya. Alikuwa na cheti cha ualimu cha daraja la tatu A na hakuwa na kingine. Walimu vijana wenye stashahada walikuwa wakimuuliza, kwa heshima za kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, kama hajachoka na watoto wadogo. Alitaka siku moja asimame mbele ya watu wanaojiandaa kuwa walimu awaambie: mtoto asiyejua Kiswahili si mjinga, mpokeeni hivi. Alimwambia Yasinta hayo yote, neno kwa neno, wakichambua mchicha. Yasinta akampigia vigelegele.

Adrian aliagiza atumiwe video fupi fupi za vipindi. Simu ya Mwanaamina ilikuwa ya kubonyeza, ile ya tochi. Ya Yasinta ilikuwa simu janja. Basi Yasinta ndiye akawa mpiga picha.

Januari iliyofuata Nkwabi alimleta binti yake wa mwisho, Kabula, miaka sita, hajui neno la Kiswahili, kang'ang'ania mguu wa baba yake. Yasinta alikuwa kasimama dirishani na simu. Mwanaamina akatoka mlangoni, mikono kiunoni.

"Mungu wangu! Wasukuma tena! Nani kawafungulia zizi? Ona mlivyoniletea harufu ya ng'ombe darasa zima! Na haka katoto kenu kanajua nini zaidi ya kuswaga ndama? Kaleteni kakae sakafuni, madawati ni ya watu!"

Nkwabi akavuta pumzi, maana alikuwa akiisubiri hiyo tangu nyumbani. "Mzaramo wewe! Nimemleta huyu akufundishe kazi, kwenu mkikesha ngomani mnalala mpaka jua la utosi! Kabula mwanangu, mwalimu huyu, babu yako alimnunua kwa mbuzi kilema. Akikusumbua niambie, nimrudishe sokoni!"

Akayarudia kwa Kisukuma. Darasa likaangua kicheko, wenye Kiswahili kwanza, wa Kisukuma baada ya kutafsiriwa. Kabula akachungulia, naye akacheka. Mwanaamina akachuchumaa, uso kwa uso naye, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na mtoto akaitikia kwa sauti ndogo, akauachia mguu wa baba, akaenda mwenyewe kwenye dawati la mbele alikooneshwa. Dakika mbili na nusu, zote zikaingia simuni. Jioni waliitazama video ile mara tatu.

"Hii ndiyo ya kupeleka," Mwanaamina alisema.

"Hii hii," Yasinta akajibu.

Semina iliitishwa likizo ya Juni, chuoni Kibaha. Walimu arobaini, wa Kibaha na Kisarawe. Mwanaamina alishonesha gauni kwa fundi wa mtaa wa Kwa Mathias, na siku zote za semina alilala Mbwawa kwa mama yake Yasinta, akala ugali wao na kisamvu chao, akaombewa na bibi wa watu kabla ya kulala ingawa yeye ni Mwislamu. Siku ya kwanza ilikuwa ya maneno mazuri. Siku ya pili, baada ya chai, Adrian akaanzisha somo lililoitwa Lugha Inayobagua.

"Nitawaonesha kipande kifupi," alisema. "Uso tumeuficha. Lengo si kumhukumu mtu, lengo ni kujifunza."

Ukutani akatokea mwanamke asiye na uso, mikono kiunoni. Wasukuma tena. Harufu ya ng'ombe. Katoto. Sakafuni, madawati ni ya watu. Na pale Nkwabi anapovuta pumzi afungue mdomo, picha ikakatika.

Ukumbi uliguna. Mwalimu mmoja wa Kisarawe akasema, "Huyu afukuzwe kazi." Mwanaamina alihisi masikio yamepata moto. Alingoja Yasinta, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwake, acheke au aseme neno. Akasimama mwenyewe.

"Huyo asiye na uso ni mimi," alisema. "Na huo ni utani. Yule baba ni mtani wangu. Amenijibu hapo hapo, mbona jibu lake halipo? Mtoto mwenyewe alicheka."

Adrian alibadilika uso. Kwa haki yake tuseme: kijana yule alitumiwa vipande kumi na saba, hiki hakikuwa na jina, na sauti hakuitambua. Lakini alikwisha kuwaonesha watu arobaini, na kurudi nyuma mbele ya watu arobaini ni kazi nzito.

"Mwalimu, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini kila anayebagua husema alikuwa anatania. Na mnyonge hucheka ili asipigwe. Labda kuna mtu aliyekuwepo atusaidie?"

Mwanaamina akamgeukia Yasinta. Hakumkonyeza wala hakumwomba. Alimtazama tu kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake.

Yasinta alikuwa akipigia mstari kichwa cha habari kwenye daftari, tena kwa rula. "Mimi nilikuwa napiga picha tu," alisema. "Mambo ya makabila yao siyajui."

Siku ya tatu jina la mwezeshaji likasomwa. Lilikuwa la Yasinta. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza. Ila hawakusema kwamba kikishakuuma kinasimama na kupigiwa makofi.

Mwanaamina alimkuta nyuma ya ukumbi, penye mabomba.

"Video nzima iko wapi, Mama Agape?"

"Simu ilijaa, nikafuta."

"Na ulikata kwa nini?"

"Bando. Ndefu haikupanda."

Anayekata kwa sababu ya bando hukata popote. Huyu alikata pale hasa ambapo mtu wa pili anafungua mdomo. Mwanaamina alimwambia hivyo, na hasira yake hakuificha.

Yasinta akaacha kuosha mikono. "Unataka ukweli? Miaka kumi na sita nabeba chaki nyuma yako. Wageni wakija ni Mwanaamina, wazazi wakija ni Mwanaamina, hata maboksi nimekata mimi kwa mkasi wangu ukaandikwa wewe. Nani aliwahi kuniuliza mimi nafundishaje? Wewe watu watakupenda tu, hata bila cheo. Mimi nisipopata hiki nastaafu bila mtu kujua nilikuwepo."

"Ungeniambia. Ningekuachia."

"Usingeniachia," Yasinta alisema, na katika maneno yote aliyosema wiki ile, hilo lilikuwa la kweli, nalo ndilo lililomuuma Mwanaamina zaidi. Usiku huo hakurudi Mbwawa. Alikwenda kulala Kisarawe kwa kaka yake Maulidi, na nguo zake akaagiza ziletwe.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu, Mwalimu Joel, mtu mzima anayekaribia kustaafu na asiyetaka makuu, alimwita ofisini. Kipande kile kilikuwa kimeshazunguka kwenye makundi ya walimu kikafika wilayani. Imeamuliwa, alisema, Mwanaamina aombe radhi hadharani kwenye mkutano wa wazazi, iandikwe kwenye muhtasari, yaishe. Asipofanya hivyo atafunguliwa mashtaka ya nidhamu, na darasa la kwanza ataliachia wiki hiyo hiyo.

"Mkuu, muulizeni Nkwabi mwenyewe. Yupo. Ana mdomo."

"Nimeshauliza kama tunaweza kumuuliza. Wanasema mzazi wa jamii kama ile, ukimuuliza mbele ya mwalimu, atasema unachotaka. Mwongozo wao ndivyo unavyosema."

Basi ndiyo hiyo haki yenyewe. Mtu anatetewa mwezi mzima, na katika mwezi wote huo hakuna anayemuuliza kama ameumia. Mimi ninayesimulia sina elimu ya chuo, lakini naijua dharau nikiiona, hata ikiwa imevaa tai.

Mwanaamina alikaa na jambo hilo siku nne. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba, umemwambia kwamba siku zote ulikuwa ukimaanisha. Lakini kila alipowaza kukataa aliwaona watoto wake wale kumi na watano, na aliyetajwa kulipokea darasa likibaki wazi alikuwa kijana mmoja mwenye fimbo ndefu. Akapiga moyo konde. Nitaomba hiyo radhi yao, alijiambia, halafu nitamfuata Nkwabi nyumbani nimweleze, tutacheka. Alimtafuta kabla ya mkutano ili amdokeze, akaambiwa amepeleka ng'ombe malishoni mbali, atakuja moja kwa moja siku yenyewe. Hapo ndipo alipokosea. Alidhani utani unaweza kuwekwa pembeni asubuhi na kuchukuliwa tena jioni.

Wazazi walikuja wengi, wakaketi kwenye madawati ya darasa la saba. Nkwabi alikaa mbele na mkewe na ndugu zake wanne. Mwalimu Joel alifungua kikao. Yasinta, mwezeshaji mpya na katibu wa kikao, alikaa pembeni na kalamu.

Mwanaamina akasimama. "Mzee Nkwabi, mwezi wa kwanza nilikutamkia maneno yasiyofaa, wewe na mtoto wako, mbele ya darasa. Naomba radhi."

Nkwabi alimtazama, kisha akacheka mpaka akapiga goti lake. "Hee! Mzaramo leo kaamkia wapi? Radhi kavu hailiwi! Lete jogoo, na nauli ya kumfuata!"

Wazazi wakacheka. Jibu la Mwanaamina lilikuwa tayari, tamu, liko mdomoni. Angelisema tu, kila kitu kingerudi mahali pake. Lakini Mwalimu Joel alikuwa akimtazama, akitikisa kichwa polepole, na kalamu ya Yasinta ilikuwa imesimama juu ya karatasi ikisubiri.

"Sitanii, mzee," alisema. "Naomba radhi kwa dhati ya moyo wangu."

Kicheko kilikufa kidogo kidogo. Nkwabi aliwageukia ndugu zake akawatafsiria, kisha mkewe akauliza kitu kwa sauti ya chini, naye akamjibu, na mama yule akavuta khanga yake akajifunika mabega.

"Kwa hiyo ulikuwa unatutukana," Nkwabi alisema.

Mwanaamina aliangalia chini.

"Na watoto wangu wale wawili wa kwanza, ulivyowapokea? Ndivyo hivyo hivyo? Na kule Kisarawe kwenu, msibani, mimi nacheka na ndugu zako, kumbe wao walikuwa wananiona nini?"

Mwanaamina alimtazama Yasinta. Ilimbidi tu, hakukuwa na mtu mwingine mle ndani aliyekuwepo msibani, aliyempelekea mtu huyu wali kwa mkono wake. Yasinta aliinama kwenye karatasi. Mwanaamina alikuwa na nafasi ya kusema, na kwa kweli alifungua mdomo, lakini alichokiona ni lile darasa la kwanza na kijana wa fimbo, akaufunga. Alijichukia papo hapo, na hajaacha mpaka leo.

Nkwabi akasimama, akavua kofia. Alimsogelea, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kwa heshima zote, kama anavyopewa mkono mkuu wa wilaya.

"Tumekusamehe, mwalimu," alisema. Kisha akamgeukia Joel. "Mwalimu mkuu, mtoto wangu mwekeni popote mnapoona panafaa. Sisi ni wageni hapa."

Alisema hivyo kwa adabu kubwa, na Yasinta akaandika kwenye muhtasari kwamba mzazi ameridhika.